Pumzi ya Mtoto na Habari za Tumbo Lake

Mama mwenye mtoto, soma somo hili pole pole. Kama macho yako ni mazito, mwambie mwanao mkubwa akusomee, naye baba wa nyumba asikilize pia.

Tuseme una mtoto wa miaka minne. Asubuhi umempa kikombe cha maziwa ya unga, nawe umefurahi kwa kuwa umeona amekunywa yote. Kabla jua halijapanda juu, tumbo lake limevimba kama ngoma. Languruma, mtoto ajikunja na kulia, kisha aharisha maji maji. Kesho ni vile vile. Jirani asema, "Ni meno." Nkambo asema mtoto ameangaliwa na mtu mwenye jicho baya. Shangazi aleta majani ya kuponda, ayatie katika maji, mtoto apewe kwa njia ya nyuma. Kila mmoja ana neno lake, na mtoto mwenyewe hawezi kueleza ila kushika tumbo.

Ukimpeleka kwa munganga, yeye naye hana macho ya kupenya ngozi. Ataliangalia tumbo na kulibonyeza, ataomba kinyesi kipimwe, labda na damu. Katika hospitali kubwa wanayo mipira mirefu yenye taa, ambayo huingizwa kinywani mpaka tumboni ili kuona ndani. Mipira hiyo ni msaada mkubwa, lakini mtoto mdogo hana budi kulazwa usingizi wa dawa kwanza, na hayo si mambo ya kufanya kwa kila mtoto anayelia tumbo. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine, njia isiyoingiza kitu mwilini kwa nguvu. Waliiona katika pumzi.

"Pumzi?" utauliza. "Pumzi yatoka mapafuni. Tumbo lina habari gani na mapafu?" Ni swali zuri, na tulijibu kwanza.

Safari ya hewa

Chakula kikishamezwa hushuka tumboni, kisha utumbo mwembamba, na huko ndiko mwili unakochukua nguvu zake. Mabaki huingia utumbo mnene. Katika utumbo mnene wanakaa vijidudu wengi sana, wala usiwaogope, maana wengi wao hawatudhuru. Wao hula mabaki tunayowaachia. Sasa, sukari ikiponyoka bila kuchukuliwa na mwili katika utumbo mwembamba, ikawafikia wale vijidudu, wao huishangilia kama watu wa karamu. Huichacha, kama munkoyo unavyochacha katika chungu. Umeona jinsi munkoyo unavyotoa mapovu? Ndivyo hewa inavyojaa katika tumbo la mtoto.

Hewa moja katika hizo huitwa haidrojeni. Mwili wa binadamu wenyewe hautengenezi hewa hii. Ni vijidudu tu wanaoitengeneza. Sehemu yake hutoka kwa njia unayoijua, lakini sehemu nyingine hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu, damu huipeleka mapafuni, na mtoto huitoa kwa kupumua. Basi ukiona haidrojeni inaongezeka katika pumzi ya mtoto baada ya kunywa sukari fulani, umejua ya kuwa sukari ile haikuchukuliwa na mwili wake. Imewafikia vijidudu. Hakuna aliyemchoma sindano, hakuna aliyemwingiza mpira, lakini tumbo limesema.

Habari za maziwa

Maziwa yana sukari yake, nayo huitwa laktosi. Ili mwili uitumie, yafaa ikatwe vipande viwili, na kitu kinachoikata huitwa laktesi. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto anyonyaye huwa nayo tele, kwa sababu maziwa ya mama yana laktosi nyingi. Lakini watu wengi duniani, na sisi wengi wa Afrika ya kati pamoja nao, baada ya kuachishwa ziwa hupungukiwa laktesi kidogo kidogo mwaka kwa mwaka. Huo si ugonjwa. Wala si aibu.

Mwaka 1966 waganga wawili, Cook na Kajubi, waliandika habari ya watu wa Uganda. Walikuta ya kuwa Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe tangu zamani, wengi wao waliweza kuikata sukari ya maziwa hata walipokuwa wakubwa, lakini Waganda, watu wa ndizi na mashamba, wengi hawakuweza. Siku zile walipima kwa kutoa damu mara kwa mara. Leo kazi ile ile yaweza kufanywa kwa pumzi.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo linalowapata watoto wetu mara nyingi zaidi. Mtoto akishikwa na kuharisha kwa nguvu, au akiwa na vijidudu viitwavyo giardia, ukuta wa utumbo wake huchubuka, na laktesi hupotea kwa muda. Utumbo ukipona, laktesi hurudi. Kwa hiyo, mama, usimhukumu mtoto wako kwamba "hawezi maziwa maisha yote" kwa sababu ya wiki mbili za kuharisha.

Na neno hili ulishike kwa mikono miwili: mtoto anyonyaye akiharisha, USIMWACHISHE ZIWA. Wako watu wanaosoma nusu ya habari ya laktosi, kisha wanawaambia kina mama kwamba maziwa yao ndiyo yanayodhuru. Ni kosa kubwa, na limeua watoto. Mpe ziwa mara nyingi kuliko siku zote, na juu yake mpe maji ya chumvi na sukari.

Jinsi kipimo kinavyofanywa

Mtoto huja asubuhi bila kula. Hupuliza katika mfuko au katika chombo kidogo, nayo hewa hiyo ya kwanza huandikwa. Kisha hunyweshwa laktosi iliyotiwa katika maji, kwa kadiri ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, lakini isipite gramu 25. Baada ya hapo hupuliza tena kila nusu saa, kwa muda wa saa tatu. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 katika milioni moja au zaidi kupita ile ya kwanza, munganga ajua ya kuwa sukari haikuchukuliwa. Mtoto mdogo asiyejua kupuliza huwekewa kifuniko laini juu ya pua na kinywa, na hewa anayotoa hukusanywa humo. Hasikii maumivu.

Lakini munganga mwenye akili hatazami namba tu. Huuliza pia: Je, mtoto aliumwa tumbo wakati wa kipimo? Aliharisha? Maana wako watoto ambao haidrojeni yao hupanda, nao wanacheza tu bila shida. Mtoto wa namna hiyo hana haja ya kunyimwa maziwa. Wako na wengine ambao vijidudu vyao hutengeneza hewa nyingine iitwayo methani badala ya haidrojeni, na chombo kisichopima methani kitasema "hakuna kitu" hali kitu kipo.

Jinsi ya kumtayarisha mtoto

Hapa kazi ni yako, mama, wala si ya munganga. Kipimo kikiharibika, mara nyingi kimeharibika nyumbani usiku wa jana.

Jioni ya kuamkia kipimo, usimpe maharagwe. Usimpe sombe wala mboga nyingi za majani. Vyakula hivi ni vizuri siku nyingine zote, lakini vijidudu huvichacha polepole usiku kucha, na asubuhi mtoto atakuja na haidrojeni tayari imejaa katika pumzi. Mpe wali mweupe na kipande cha nyama au samaki. Kisha asile tena mpaka asubuhi. Maji aweza kunywa. Mtoto mchanga hawezi kukaa na njaa muda mrefu hivyo, basi muulize munganga saa zake.

Asubuhi asukutue kinywa na kusafisha meno, kwa sababu kinywani pia wako vijidudu. Akiwa hapo asikimbie uani na wenzake, maana apumuaye kwa haraka hupunguza hewa inayotafutwa. Wala asilale usingizi, maana usingizi huiongeza. Mletee kitu cha kumtuliza. Mtu asivute sigara karibu naye. Na kama amekunywa dawa za kuua vijidudu katika wiki nne zilizopita, sema wazi. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa ati ulinunua dawa njiani. Dawa hizo hupunguza vijidudu vinavyotengeneza hewa, na kipimo kitadanganya.

Kaboni nzito, na bukari yetu

Kuna namna ya pili ya kupima pumzi, nayo haitafuti haidrojeni. Inatafuta hewa ya kaboni, ile ambayo sisi sote huitoa kila tunapopumua. Kaboni iko katika mkaa wa jikoni, katika sukari, katika bukari, katika nyama. Karibu kaboni yote ni ya uzito mmoja, lakini katika kila sehemu 1,000, sehemu kama 11 ni nzito kidogo. Wataalamu huiita kaboni 13. Wao huweza kutengeneza dawa au sukari yenye kaboni 13 nyingi, wakampa mtoto kidogo, kisha wakaitazama pumzi yake. Kaboni nzito ikitokea katika pumzi, wamejua dawa ile imekatwa mwilini. Na wakiona imetokea upesi au kwa kukawia, wamejua tumbo linafanya kazi namna gani.

Najua mtu wa Katanga akisikia habari kama hii huuliza mara moja, "Je, hii ni jamaa ya mawe ya Shinkolobwe?" Sivyo. Kaboni 13 haitoi miale yoyote. Umekuwa ukiila tangu kuzaliwa. Ipo nyingine, kaboni 14, ambayo hutoa miale kidogo, nayo haifai kwa watoto wala kwa wenye mimba. Ukitumwa kupimwa, una haki ya kuuliza ni ipi.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Muhindi, miwa na mtama hukamata hewa kwa majani yao kwa njia isiyo sawa na ile ya mpunga, muhogo na ngano, na kwa hiyo huwa na kaboni 13 zaidi kidogo. Mtu alaye bukari ya muhindi kila siku huitoa katika pumzi yake. Ukileta watu wawili, mmoja wa bukari ya muhindi na mmoja wa wali, mashine yaweza kuwatofautisha bila wao kusema neno! Ni jambo la kuchekesha, lakini kwa kipimo ni la kuangalia sana. Mtoto aliyekunywa uji wa muhindi asubuhi, au chai ya sukari ya miwa, ataleta kaboni nzito yake mwenyewe na kuichanganya na ile ya munganga. Kipimo kilichotungwa kwa watoto wa nchi za ngano hakifai kuletwa kwetu vile vile tu bila kufikiri juu ya sufuria zetu. Basi, usimpe uji "kidogo tu" kwa sababu analia. Afunge kabisa mpaka munganga aseme.

Kijidudu cha tumboni

Kaboni 13 hutumika hasa kumtafuta kijidudu aitwaye Helicobacter pylori. Waganga wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua katika miaka ya 1980, na Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe mwaka 1984 ili aone kama vitamwuguza. Vilimwuguza. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Kabla yao watu walidhani vidonda vya tumbo hutoka kwa pilipili na mashaka ya moyo tu.

Kijidudu huyu hukata kitu kiitwacho urea. Mgonjwa akinywa urea yenye kaboni 13, na kijidudu yumo, kaboni nzito hutokea katika pumzi, nayo hupimwa baada ya kama nusu saa. Pumzi hutiwa katika chupa ndogo za kioo zenye kizibo, na chupa hizo zaweza kupelekwa mbali mahali penye mashine. Katika nchi yetu kipimo cha pumzi cha urea kilitumika zamani, ilipokuwa bado ikiitwa Zaire: mwaka 1992 Glupczynski na wenzake walichapisha habari ya kukilinganisha na njia za kuingiza mipira. Na huko Gambia waliwapima watoto wachanga, wakaona ya kuwa wengi humpata kijidudu huyu wakiwa wadogo sana.

Lakini nisikilize vema, maana hapa fedha za watu hupotea. Kwa kuwa wengi wetu tunaye kijidudu huyu tangu utoto, kumkuta si sawa na kukuta sababu ya maumivu. Mtoto aumwaye tumbo mara kwa mara, lakini anakua, anakula na kucheza, hana haja ya kutafutiwa Helicobacter. Wataalamu wa tumbo la watoto wa Ulaya na Marekani waliandika hivyo hivyo katika shauri lao la mwaka 2017. Kipimo cha pumzi kina faida yake kubwa baada ya dawa: mtoto aliyetibiwa kidonda hupimwa si chini ya wiki nne baadaye, ajulikane kama kijidudu ametoka. Kwa watoto wa chini ya miaka sita kipimo hiki hukosea zaidi.

Tena, mjini wako wanaopima damu kwa kijikaratasi, kisha wanasema, "Una Helicobacter," na kuuza dawa za namna tatu. Damu huonyesha kwamba mwili ulikutana na kijidudu siku moja. Haionyeshi kama yupo leo. Usimnyweshe mtoto dawa hizo kwa kijikaratasi cha damu.

Mtoto anakula lakini hakui

Habari hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Uchunguzi wa mwaka 2017 na 2018 katika nchi yetu nzima ulikuta watoto 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Si wote walionyimwa chakula. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vidole vidogo vidogo, kama manyoya ya taulo, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtoto atambaaye mahali penye kinyesi cha kuku na cha watu, anywaye maji ya kisima kilicho karibu na choo, humeza vijidudu kila siku. Huenda asiharishe hata kidogo. Lakini vile vidole hupungua na kuwa vifupi, na chakula kingi hupita bure.

Uharibifu huu hauonekani kwa nje. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisaidia kazi ya kutafuta kipimo cha pumzi kwa ajili yake. Mtu hunywa sukari ya kawaida kwa aina yake, ila imetengenezwa na kaboni nzito. Utumbo mzima huikata upesi, utumbo ulioharibika hukawia. Huko Lusaka, ng'ambo ya Kasumbalesa, kilijaribiwa kwa watu wazima na habari yake ikachapishwa mwaka 2022. Kazi ya kuwapima watoto wa miezi 12 hadi 15 ilipangwa katika nchi sita, na Zambia na Kenya zimo. Bado ni chombo cha wachunguzi, si cha dispansari. Lakini Lusaka si mbali, na watu wa huko hula muhindi kama sisi.

Kama chombo hakipo

Mahali pengi chombo cha pumzi hakipo. Uliza, wala usikate tamaa ukiambiwa hakipo, maana mambo mengi yaweza kujulikana kwa njia nyepesi.

Kinyesi kipimwe kwanza, kwa kuwa minyoo na giardia ni vya kawaida kuliko haya yote niliyoandika. Kama unashuku maziwa ya unga au ya ng'ombe, na mtoto amekwisha kuacha ziwa, yaondoe wiki mbili, ukimpa mayai, samaki wadogo, maharagwe na karanga ili asidhoofike. Kisha yarudishe kidogo kidogo na uangalie. Akiumwa tena, umepata jibu pasipo mashine. Watoto wengi wa namna hii huweza maziwa yaliyoganda, au nusu kikombe pamoja na chakula.

Mtoto aharishaye apewe maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nusu, si kimoja. Na yale majani ya kupewa kwa njia ya nyuma, yakatae kwa heshima. Mwambie shangazi kwamba munganga amekataza, lawama iwe yangu.

Kwa watu wa Naviundu nasema hasa habari ya visima. Wakati wa mvua maji hupanda na vyoo hufurika, na kisima kilichokuwa safi mwezi wa nane si safi mwezi wa kwanza. Chemsha maji. Fungia kuku mbali na mkeka wa mtoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula chake, na usimtafunie chakula kinywani mwako.

Kuna dalili ambazo hazingoji kipimo chochote, cha pumzi wala cha kingine. Damu katika kinyesi. Kutapika kwa rangi ya kijani. Tumbo gumu linalouma likiguswa. Macho yaliyoingia ndani. Mtoto asiyeweza kunywa, au aliyelegea. Miguu iliyovimba. Uzito unaoshuka kwenye karatasi yake. Ukiona moja tu, mbebe mgongoni uje siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na ulete karatasi yake ya uzito na mabaki ya kila dawa aliyokunywa.